Daftari la Mwezi wa Tatu

Jumatatu niliandika boksi mbili tu.
Moja la mfugaji wa Pawaga, fisi wamemchosha,
moja la Mchungaji Kikoti, anayeua nyani
kisha anawaombea.

Jumanne redio ikatamka neno moja, "marekebisho",
na chai yangu haijapoa
foleni ilishalipita duka la mbolea
ikakunja kona ya Miomboni,
watu wamejikunyata ndani ya makoti, manyunyu yanawapiga,
kila mmoja amekumbatia kitabu cha leseni
kama mama na kadi ya kliniki.

Sheria yenyewe hakuna aliyeisoma.
Huyu anasema watazikusanya zote, hata za marehemu.
Yule anasema la, ada itapanda mara kumi.
Wa tatu ana shemeji Dodoma,
na shemeji wa Dodoma hakosei,
isipokuwa mwaka jana, na mwaka juzi.
Habari ilitoka Ipogolo ikiwa kuku,
ikapanda mlima taratibu,
ilipofika kwetu mjini ilikuwa na pembe.

Mzee Lwambano alifuta bei ubaoni kwa kiganja.
Akaandika nyingine. Akaifuta.
Kufika saa nne
chaki ilikuwa imekwisha kabla ya risasi.

Mimi kazi yangu kuandika:
jina, namba ya silaha, idadi, sahihi.
Daktari wa meno mstaafu, wa Gangilonga, boksi nne.
Bunduki yake niliiona siku ya ukaguzi,
buibui walikuwa wamezalia kwenye mtutu.
Mfanyabiashara wa mbao, boksi sita,
"na zile za stoo, usinifiche."
Mwalimu Mhanga alikuta hakuna kitu,
akanunua mafuta ya kusafishia, na brashi yake,
na mkanda wa ngozi.
Hana bunduki Mwalimu Mhanga.
Alisema ameona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu.

Saa tisa akaingia Sekinabo Nyamoga, wa Kilolo,
matope mpaka magotini,
lori limekwama mara mbili njiani.
Shotigani ya marehemu mumewe iko kwa jina lake,
mihuri mitatu, picha imebandikwa, kila kitu halali.
"Mahindi yametoa ndevu," alisema.
"Nguruwe wameingia usiku tatu mfululizo.
Hata hawali wakashiba, mwanangu.
Wanaangusha, wanaonja, wanahamia shina lingine.
Nipe tano. Sitaki boksi."

Nikageukia rafu.
Palibaki vumbi, na ndani ya vumbi
miraba safi pale maboksi yalipokaa.

Nje, yule wa mbao alikuwa bado anafunga turubai.
Nilimfuata mvuani, nikamwomba tano.
Akanitazama kwa upole kabisa.
"Hizi si za kupiga, dada," akasema.
"Hizi ni za kuweka."

Sekinabo hakulaani mtu.
Aliuliza, debe tupu shilingi ngapi?
Lilikuwepo moja, la grisi, limebonyea ubavuni.
Nikampa, sikuchukua hela, ila niliandika:
idadi, moja;
kwenye namba ya silaha nikachora mstari.
Akaweka sahihi pole pole,
herufi za mtu aliyejifunza ukubwani,
kila moja imesimama peke yake.

Marekebisho yalitoka mwezi wa saba. Nilisoma kurasa zote.
Sasa fomu inataka picha mbili badala ya moja.

Usiku ule, Kihesa, sikupata usingizi.
Singeweza kumsikia, Kilolo ni mbali,
kuna mabonde na misitu ya watu katikati.
Nilisikia jirani akikohoa,
na mji uliotulia juu ya risasi zake,
chini ya vitanda, nyuma ya magunia ya mchele,
ndani ya kabati la daktari wa meno.
Nikaanza kuhesabu kwa mazoea ya kazi:
debe moja, fimbo moja, mwanamke mmoja,
ekari mbili na nusu,
na kunakucha saa ngapi huko.